Ng'ombe wa madoadoa aliniumbua Eldoret

MPENZI msomaji, wale mlioniulizia kijiweni kwa nini safu hii ilipotea, jibu ndilo hili. Sikuwa naumwa, sikufukuzwa kazi, wala sikukimbia madeni (hayo yapo palepale). Nilikwenda Kenya harusini, na huko nikachemsha ile mbaya. Nimeona nijianike mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu.

Iko hivi. Mshikaji wangu mmoja, Mnandi wa upande wa Eldoret, aliwahi kufanya kazi hapa Dar miaka mitatu. Tulipanga nyumba moja Sinza, umeme tukichangia na sufuria ya ugali moja. Sasa mwishoni mwa mwaka 2025 akanipigia simu: "Bwana, nimepata jiko. Lazima uje." Nikamuuliza jiko lenyewe la wapi. Akasema ni Mkikuyu wa Nakuru. Halafu akanyamaza kidogo, kama mtu anayesubiri nishtuke.

Sikushtuka. Nikamwambia hongera, maana hapa kwetu Mchaga akioa Mmakonde, watu wanachouliza ni pilau litaiva saa ngapi.

Mkenya angeelewa kwa nini alinyamaza. Kenya walipiga kura Desemba 27, 2007. Matokeo yalipotangazwa tarehe 30, nchi ikawaka. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa, na waliokimbia makazi yao walikuwa mamia kwa maelfu. Eldoret na vitongoji vyake ndiko kulikoumia vibaya. Januari 1, 2008, kanisa la Kiambaa, karibu na mji huo, lilichomwa moto likiwa na Wakikuyu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Halafu mwisho wa Januari ukaja ulipaji kisasi kule Nakuru na Naivasha, zamu hii wakifukuzwa Wajaluo, Waluhya na Wakalenjin. Na Wanandi, msomaji, ni Wakalenjin.

Sasa ndiyo kijana wa huku amempenda binti wa kule. Utasema mapenzi hayana macho. Lakini mama mkwe anayo.

Nikapanda basi. Kutoka Namanga nilikaa na jamaa mmoja wa Kajiado, mpiga stori kwelikweli. Alipojua natoka Dar akaniinamia: "Na nyinyi huko Oktoba mlipatwa na nini?" Nikamjibu, "Ah, tuko poa." Nikajifanya nasinzia mpaka Nairobi. Jibu hilo likumbuke, tutalirudia.

Nakuru nikapokewa kama balozi. Kumbe nilikuwa nimeshapangiwa kazi. Wakikuyu wana ugeni wao wanauita itara: upande wa binti unakwenda kuona kule atakakoishi mtoto wao. Siku ya kwenda ilikuwa Alhamisi, harusi Jumamosi. Bwana harusi akaniomba nisafiri na msafara wa mama mkwe, nifungue na mazungumzo. "Wewe si wa huku wala si wa huko," akasema. "Halafu sisi tukiongea Kiswahili ni kama tunagombana. Nyinyi mkiongea ni kama mnaomba msamaha." Mimi kichwa kikavimba. Nikajiona Kofi Annan.

Asubuhi tukajaa kwenye matatu ya kukodi. Mama wa bibi harusi alikaa dirishani, amejifunga leso kichwani, mkoba mapajani. Hadi Mau Summit alikuwa anachangia stori. Tukapanda Timboroa, baridi kama friji, akawa kimya. Tulipokaribia Burnt Forest akafumba macho. Mimi nikadhani gari linamchefua, nikamwambia, "Mama, nusa hili chungwa, litakusaidia." Akalipokea, akalishika tu, asilinuse wala asilimenye. Binti yake aliniangalia, asiseme kitu.

Tukafika. Mandhari ni bomba: mahindi yameshavunwa, nyumba ya bati jekundu, watu wamejipanga kutupokea. Chai ikaletwa, chai ya maziwa matupu. Lakini hali ya hewa, msomaji, ilikuwa kama benki. Kila mtu "asante", "ndiyo", "karibu". Wakikuyu upande mmoja, Wanandi upande wa pili, na katikati niko mimi na Kiswahili changu.

Baada ya chai tukatolewa kwenda kuonyeshwa ng'ombe. Mnandi na ng'ombe wake ni kama sisi na Simba na Yanga, hapo ndipo roho ilipo. Walikuwepo majike sita wa kisasa, wale weupe wenye mabaka meusi. Tumejipanga kwenye uzio, hakuna anayecheka. Nikaona hapa ndipo msemaji anapokula mshahara wake. Nikapaza sauti:

"Mama, ng'ombe ndio hawa, chagua mwenyewe! Na kama hupendi wenye madoadoa, sema tu. Kwa wakwe zako hawa madoadoa yote tutayaondoa, tubaki na weupe mtupu!"

Nikacheka. Nikacheka peke yangu.

Ee bwana ee. Kimya kilichofuata, hata ng'ombe naona waliacha kutafuna. Mzee mmoja wa Kinandi akatazama chini. Baba mdogo wa bibi harusi akapiga hatua moja nyuma, kuelekea lilipo gari. Mshikaji wangu akanishika mkono, akanivuta pembeni: "Umesema nini wewe?"

Hapo ndipo mimi, bingwa wa lugha kutoka Dar, nikafundishwa Kiswahili. Huku kwetu madoadoa ni ya ng'ombe, ya chui, au ya shati lililokutana na mchuzi. Kule Bonde la Ufa, wanasiasa walilichukua neno hilo wakalivika watu. Madoadoa ni wale wa kabila lingine wanaoishi kati yenu. Kuyaondoa, unajua mwenyewe maana yake. Januari 2022 seneta mmoja alikamatwa baada ya kulitamka jukwaani hapohapo Eldoret, na Aprili mwaka huo tume yao ya utangamano ikaliweka kwenye orodha ya maneno ya chuki. Na mimi nilikuwa nimelitamka kwa sauti ya MC, mbele ya watu niliopewa kazi ya kuwapatanisha.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikarudi pale nikaanza kuomba radhi, maneno yanagongana. Mama mkwe akaniinulia mkono.

"Kijana, wewe wacha kuomba msamaha. Wewe hukujua. Ni sisi tunajua na tumenyamaza."

Akaomba kiti. Vikaletwa viti, watu wakakaa palepale mbele ya zizi.

"Mara ya mwisho kusikia hiyo maneno mtu akicheka," akasema, "ilikuwa Desemba 2007, kwa duka yangu, hapo chini Burnt Forest. Alikuwa customer yangu wa miaka mingi. Alinunua sukari, akaniambia, 'Mama, baada ya kura tunatoa madoadoa.' Nikacheka na yeye. Nilidhani ni mchezo. Hata nilimuongezea kiberiti ya bure."

Akaeleza jinsi ulivyofika usiku ambao duka liliungua. Huyu bibi harusi alikuwa na miaka sita. Mama mmoja Mkalenjin, jirani, aliwaficha kwenye ghala la mahindi siku mbili, akiwapelekea uji baada ya giza kuingia. Siku ya tatu wakapanda lori lililosindikizwa na polisi hadi Nakuru, wakalala kwenye mahema ya Showground. Tangu siku hiyo hakuwahi kukanyaga tena upande huu. Asubuhi ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Nikalikumbuka chungwa langu, aibu ikanirudia upya.

Bibi yake bwana harusi, ambaye wao wanamwita kogo, hajui Kiswahili sana. Alikuwa anatafsiriwa na mjukuu. Akauliza swali moja: "Huyo mama aliyekuficha yuko wapi?"

"Sijui, kogo. Sijawahi kurudi kuuliza. Kwanza niliogopa. Halafu miaka ikapita, nikaona haya."

Ndipo akanyanyuka baba mdogo wa bwana harusi, mtu mrefu, mkimya tangu asubuhi. "Mimi nilikuwa Nakuru," akasema. "Nilikuwa fundi wa kuchomelea, na karakana yangu. Mwisho wa Januari vijana wa lugha yenu wakakuja na panga." Akapandisha mkono wa shati, kovu likaonekana toka kiwiko hadi karibu na bega. Akaushusha.

Mama mkwe alikaa muda mrefu akiutazama ule mkono.

"Siku hiyo tuliona moshi kutoka Showground," akasema taratibu. "Tukaambiwa sasa ni wao wanafukuzwa. Mzee, mimi nilipiga makofi."

Msomaji, mimi huwa naandika mambo ya mademu, fasheni na nani kaonekana wapi na nani. Sijui niandikeje kimya kile. Binti yake aliziba mdomo kwa mkono. Mimi nikajua harusi imekufa, na muuaji ni mimi.

Yule mzee akarudi kukaa. "Na mimi, mama," akasema, "wakati nilisikia watu wenu wanatoka huku, kabla yangu haijanipata, nilisema wacha waende."

Basi. Hakuna aliyekumbatiana wala kulia kama kwenye video. Ila nilimwona yule baba mdogo wa bibi harusi, aliyekuwa amesogea karibu na gari, akivuta kiti.

Kogo akaamuru jambo kwa Kinandi. Kikaletwa kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya mgando yanayotunzwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti maalumu. Ndiyo maana yakimiminwa yanakuwa na chembe nyeusi. Mama mkwe akapewa wa kwanza. Akalitazama bilauri, akalizungusha, akainua macho.

"Lakini hii maziwa yenu nayo," akasema, "iko na madoadoa."

Mioyo ikasimama. Yule mzee mwenye kovu akamtazama, halafu nikaona mabega yake yanaanza kutikisika. "Hayo hatuondoi, mama," akasema. "Hayo ndiyo utamu."

Weee! Hapo ndipo watu walicheka. Walicheka mpaka kogo, aliyekuwa anasubiri tafsiri, akaanza kucheka kabla haijamfikia. Neno lilelile nililotamka mimi watu wakaganda, alilitamka yeye watu wakalegea. Mimi nilitaka utani uje kwanza ili tusahau kidonda. Yeye alionyesha kidonda kwanza, ndipo utani ukapata pa kukaa. Na bilauri akalimaliza, japo kwa uso wa mtu anayekunywa dawa.

Nikiwa nafurahia kwamba nimesahaulika, akanigeukia: "Na wewe, Mtanzania? Oktoba kwenu kulikuwa na nini?"

Msemaji mkuu nikakosa neno. Ile "tuko poa" ilinifika mdomoni, nikaona hapa haipiti. Watu wamevua mashati, mimi nibaki na koti? Nikawaambia. Kwamba siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, na siku zilizofuata, damu ilimwagika. Kwamba intaneti ilizimwa na Dar tukapigwa marufuku kutoka nje usiku. Nikawaambia na la kwangu, ambalo hata mke wangu sijamwambia: kwamba nina kinyozi wangu pale Sinza, wa miaka minane, na wiki ile tulibishana. Yeye akasema neno juu ya watu wa mkoa wangu, mimi nikarudisha juu ya watu wa mkoa wake. Maneno yaleyale tuliyokuwa tukitaniana kila Jumamosi, ila siku ile hayakuwa utani. Tangu hapo nakatia nywele mtaa wa pili, na yeye nikipita anajifanya anafagia.

Na huyo ndiye mimi niliyejisifu kwamba kwetu tunaulizana pilau tu.

Tulipokuwa tunarudi, mama akamwambia dereva asimame Burnt Forest. Akateremka peke yake, akaingia duka moja, akakaa kama robo saa. Akarudi na kipande cha karatasi chenye namba ya simu. Yule jirani, akaambiwa, amehamia kwa binti yake Kapsabet. Hakupiga mbele yetu. Aliikunja ile karatasi mara nne, akaitia kwenye mkoba.

Njiani nikachokoza: mbona wakubwa wenu walishapatana zamani? Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia saini Februari 28, 2008, Annan akiwa shahidi. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta, Mkikuyu, na William Ruto, Mkalenjin, wakagombea pamoja wakashinda. 2022 Ruto akawa rais, naibu wake Mkikuyu, Rigathi Gachagua.

"Ndiyo," mama akajibu. "Walipopatana wao, tukaambiwa tumepatana sisi. Oktoba 2024 Seneti ikamtoa huyo naibu wao, wakakosana tena. Sasa na sisi tukosane? Mimi leo nimepatana na mtu mmoja tu, yule wa mkono. Lakini huyo nimepatana na yeye."

Bibi harusi akaingilia: "Mum, sisi kizazi chetu hatuna kabila. Juni 2024 tulipoandamana kukataa ule muswada wa kodi, hakuna mtu aliulizana jina la baba."

"Hamna kabila kwa sababu hamjaulizwa bado," mama akasema. "Mkiulizwa, ndiyo nitajua."

"Ndiyo maana naolewa Eldoret, Mum. Nimeulizwa."

Gari zima kimya hadi Salgaa.

Harusi ilifana. Sitawadanganya kwamba wote walikuja. Kaka mkubwa wa mama, yeye duka lake liliungua mara mbili, 1992 na 2008, alikataa katakata. Alituma hela kwa M-Pesa, hakutuma na salamu. Mama akaonyesha simu meza kuu: "Mkikuyu akitoa pesa, moyo hauko mbali." Wanandi wakacheka, naye akacheka. Lakini nilimwona akitazama mlangoni mara kwa mara, mpaka keki ilipokatwa.

Kwa hiyo ukiniuliza kama kuna matumaini kule, nitasema yapo, ila si yale ya mabango. Yana ukubwa wa kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne. Kijana mwenzangu, usidanganywe kwamba ukikaa kimya jambo litaoza lenyewe. Pale kwenye zizi nimeona kimya cha miaka kumi na minane, na hakikuwa kimeoza hata kidogo. Kilikuwa kibichi kama jana.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwa kinyozi. Nilizunguka pale nje kama mwizi, mwisho nikaingia. Kiti kilikuwa wazi. Akanitazama kwenye kioo, akanitazama hizo nywele nilizokatwa mtaa wa pili, akasikitika kitaalamu. "Kaa," akasema.

Nikakaa. Akanifunga kitambaa shingoni, akawasha mashine. Nikamwambia: "Bwana, siku ile wewe ulikuwa wapi? Ilikuwaje?"

Akasimama na mashine inalia mkononi. Halafu akaizima.

Sikutoka pale mpaka saa mbili usiku, na upande mmoja wa kichwa haujakaa sawa hadi leo. Ukiniona kijiweni usicheke, au ukicheka, kwanza niulize.

Wiki ijayo, panapo majaaliwa, tunarudi kwenye mambo yetu ya mademu na fasheni.